Saudia, Qatar, Ujerumani au Uingereza: pima kabla hujauza ng'ombe

Kutoka stendi ya mabasi ya Kisumu hadi Kondele, nguzo za stima zimevaa matangazo ya kazi za majuu. Mshahara umeandikwa kwa herufi kubwa, chini yake nambari ya simu, na mwisho onyo kwamba nafasi zilizobaki ni chache. Mambo ambayo mtu anayetaka kuchagua angehitaji kujua hayamo. Nani analipa nini kabla ya safari? Itapita miezi mingapi kabla ya shilingi ya kwanza kufika nyumbani? Na kazi ikigeuka kuwa mateso, utaweza kuiacha bila kuvunja sheria ya nchi uliyomo?

Hapa nazilinganisha njia ambazo watu wa Kisumu, Siaya, Kakamega na Busia wanazizungumzia sana: kazi za nyumbani Saudia, kazi za ulinzi, hoteli na usafi Qatar na Emirates, uuguzi Uingereza, na Ujerumani kupitia mafunzo ya kazi yanayoitwa Ausbildung. Nitatumia maswali hayo matatu, na la nne ambalo huku kwetu haliepukiki: kukitokea msiba, itakuwaje? Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mshahara ndio unaotajwa kwanza, lakini ukinilazimisha nichague swali moja tu la kumuuliza ajenti, nitamuuliza la kuacha kazi.

Mshahara wa karatasi na unaobaki mfukoni

Tuanzie nyumbani ili tujue tunalinganisha na nini. Baada ya nyongeza ya Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida katika miji mikubwa, Kisumu ikiwemo, ni shilingi 16,113 kwa mwezi. Toa kodi ya chumba Manyatta au Nyalenda, toa unga, toa nauli na karo, uone kinachobaki. Na hao ni wale wanaolipwa hicho kima. Wasichana wengi wa kazi za nyumbani mjini hapa hawajawahi kukiona.

Sasa Saudia. Mikataba mingi ya kazi za nyumbani huwa ya riali 900 hadi 1,000. Riali ya Saudia imefungwa kwenye dola, 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo riali 900 ni dola 240, karibu shilingi 31,000. Chakula na malazi ni kwa mwajiri, kodi ya mapato hakuna. Mwanamke asiye na madeni anaweza kutuma karibu zote nyumbani. Ndiyo maana wanaendelea kwenda licha ya kila wanachokisikia redioni. Wanaowaita wajinga hawajakaa chini na kupiga hesabu hiyo pamoja nao.

Qatar ina jambo ambalo majirani zake wengi hawana: kima cha chini cha kisheria kwa kila mfanyakazi, wa nyumbani akiwemo. Tangu Machi 2021 ni riali 1,000 za Qatar, karibu shilingi 35,000. Mwajiri asipokupa mahali pa kulala anaongeza riali 500, na asipokupa chakula anaongeza 300. Emirates haina kima kama hicho kwa wageni. Dubai na Abu Dhabi unalipwa kile ulichotia saini, basi, na huwezi kusema sheria iliahidi zaidi.

Uingereza tarakimu hupanda ghafla, na hapo ndipo vichwa huzunguka. Muuguzi anayeanza katika hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma ya kule, kwenye ngazi wanayoiita Band 5, alipangiwa pauni 31,049 kwa mwaka katika kipindi cha 2025/26. Ukizigawa kwa miezi kumi na miwili na kuzibadilisha, unakaribia shilingi 440,000 kwa mwezi. Lakini hizo ni kabla ya kodi, bima ya taifa na pensheni. Kinachoingia benki ni kama pauni 2,000. Toa chumba, na hata nje ya London chumba cha pauni 500 ni cha kutafuta kwa tochi. Toa mabasi, chakula na nguo za baridi. Bado zinabaki pesa nzuri, ila si zile ambazo jamaa zako watakuwa wamezigawana kichwani siku unapopanda ndege.

Ausbildung ya Ujerumani ni masomo na kazi kwa pamoja, na unalipwa ukiwa bado mwanafunzi. Kwa uuguzi katika hospitali za umma, mwaka wa kwanza huanzia zaidi ya yuro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Fani nyingine, kama hoteli, mikate au ufundi, zinaweza kulipa kidogo zaidi ya nusu ya hapo, na posho ikiwa ndogo mno ubalozi utataka uonyeshe pesa za kujazia. Kwa hiyo miaka mitatu ya kwanza si ya kujenga nyumba ya mawe Nyakach. Pesa zenyewe huanza baada ya cheti.

Unacholipa kabla ya ndege

Kuna gharama zisizobagua nchi. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 tangu bei zilipopandishwa mwaka 2024. Unaomba kwenye eCitizen, na huna haja ya kwenda Nairobi kwa sababu ofisi ya uhamiaji ya Kisumu inachukua alama za vidole, na Nakuru na Eldoret vilevile. Cheti cha tabia njema cha DCI ni shilingi 1,050, vidole unaweka Huduma Centre. Mtu akikudai elfu thelathini za "kushughulikia pasipoti", sasa unajua amekuongezea ngapi.

Baada ya hapo njia zinaachana.

Kwa kazi za nyumbani Saudia, utaratibu uliokubaliwa kati ya nchi hizi mbili ni kwamba mwajiri ndiye anayelipa viza na tiketi. Yeye ndiye aliyemwagiza mfanyakazi kupitia mfumo wa Musaned, na pesa alishalipa upande wa kule. Ajenti wa huku anayekudai tena tiketi anakula pande mbili. Kuna kipimo cha afya cha nchi za Ghuba, ambacho wengi bado wanakiita GAMCA ingawa sasa kinapangwa kupitia Wafid, na kuna mafunzo kabla ya safari yanayothibitishwa na NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo chake hapa Kisumu. Mafunzo hayo watu huyachukulia kama muhuri wa kupitia tu. Usifanye hivyo. Ndipo unapofundishwa kutumia mashine za kule, maneno ya msingi ya Kiarabu, na nani wa kumpigia mambo yakiharibika.

Uingereza hudai karatasi na mitihani. Lazima uwe umesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, kisha uombe kwa baraza lao, NMC. Kuna mtihani wa Kiingereza, IELTS au OET. Kwa IELTS wanataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na hiyo ya kuandika ndiyo inayowarudisha nyuma wengi waliohitimu KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wakidhani Kiingereza hakiwasumbui. Tathmini ya NMC ni pauni 140, mtihani wa kompyuta pauni 83, na ule wa vitendo unaofanyiwa Uingereza kwenyewe, OSCE, ni pauni 794. Hospitali nyingi zinazoajiri hurudisha hiyo ya OSCE. Uliza kabla hujakubali, na ulipate jibu kwa maandishi.

Ujerumani pesa nyingi huenda kwenye lugha, na lugha huchukua muda kuliko pesa. Ngazi za lugha huanzia A1, kisha A2, B1 na B2. Kwa Ausbildung unahitaji angalau B1, na hospitali nyingi hutaka B2. Mtu anayesoma kila siku kwa bidii hufika B1 karibu na mwaka, B2 baadaye. Mjini hapa shule za Kijerumani zimeota kila ghorofa. Baadhi ni nzuri. Nyingine zina mwalimu aliyeishia A2 anayefundisha B1. Kuna njia moja ya kuzipima: cheti kinachokubaliwa na ubalozi hutolewa na Goethe-Institut, telc au ÖSD, kamwe si na shule yenyewe. Uliza ni wanafunzi wangapi wa darasa lililopita waliofaulu mtihani wa Goethe Nairobi. Wakianza kukuonyesha picha za watu wakiwa uwanja wa ndege, aga uende zako.

Muda wa kungoja

Hili halitaki maneno mengi. Saudia na Qatar, karatasi zikienda vizuri, ni suala la miezi michache. Uuguzi Uingereza hesabu mwaka, pengine zaidi, kwa sababu kasi ya hospitali za kule kuajiri kutoka nje imepungua sana tangu 2024. Ujerumani hesabu mwaka mmoja na nusu hadi miwili kutoka siku ya kwanza ya "Guten Tag". Kama karo ya Januari ndiyo inayokukimbiza, Ujerumani haitakuokoa Januari hii.

Huku kwetu mtu aliye katikati ya hayo yote husema "niko kwa process". Process hiyo inaweza kuchukua miaka huku ameacha kazi, ameacha kulima, na kila anayemkopesha anaambiwa ni mwezi ujao. Kama kuna jambo moja la kushika katika sehemu hii: usiache kazi uliyo nayo hadi viza iwe ndani ya pasipoti.

Je, unaweza kuondoka kazini?

Hapa ndipo nchi hizi zinapotofautiana kuliko kwenye mshahara.

Saudia, mfanyakazi wa nyumbani yuko chini ya kafala. Ukaazi wako, ile kadi ya iqama, umefungwa kwa mwajiri aliyekuleta. Mwaka 2021 Saudia ilirekebisha sheria ili wafanyakazi wa kampuni waweze kuhama mwajiri kwa urahisi zaidi, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Ukitoka nyumbani kwa mwajiri bila ruhusa, anaweza kukuripoti kuwa umetoroka. Wenyewe huko wanaiita huroob. Ukishawekewa huroob umekuwa mtu asiye na kibali: huwezi kuajiriwa kihalali, na hata kurudi nyumbani kunahitaji kwanza kupitia vituo vyao na ubalozi. Njia halali ya kubadilisha nyumba ni kupitia ofisi ya mawakala ya kule, maktab, au kupitia mfumo wa serikali. Wapo wanaopata nyumba nzuri na kukaa miaka sita wakiheshimiwa. Tatizo ni kwamba uzuri wa kazi yako unategemea tabia ya familia moja usiyoijua, nyuma ya geti lililofungwa.

Qatar imeenda mbali zaidi, angalau katika sheria. Mwaka 2020 iliondoa sharti la kuomba idhini ya mwajiri ili uhame kazi. Unatoa notisi ya mwezi mmoja kama hujafikisha miaka miwili, au miezi miwili kama umepita hapo. Kibali cha kutoka nchini pia kilifutwa kwa wengi, wafanyakazi wa nyumbani wakiwemo, ingawa hao wanatakiwa kumjulisha mwajiri saa 72 kabla. Mwajiri mkorofi bado anaweza kukuripoti umetoroka, au kukucheleweshea mshahara ili usihame. Lakini mlinzi anayelala na wenzake ishirini kambini, mwenye simu na siku ya mapumziko, ana macho mengi yanayomwona. Hilo peke yake linanifanya nipendelee kazi za kampuni kuliko za ndani ya nyumba, hata mshahara ukilingana. Joto nalo si mchezo: Qatar hukataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, nawe usikubali mkataba wa kusimama getini wenye saa zinazopuuza hilo.

Pasipoti yako isikae kwa mwajiri. Saudia, Qatar na Emirates zote zinakataza kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, na bado hutokea. Piga picha ukurasa wa kwanza, viza na mkataba, uzitume kwa mtu wa nyumbani kabla hujaingia Jomo Kenyatta.

Uingereza viza pia imefungwa kwa mwajiri mfadhili. Tofauti ni kwamba ukipoteza kazi, mamlaka za uhamiaji kwa kawaida hukupa siku 60 kumtafuta mfadhili mwingine, na muuguzi mwenye nambari ya NMC ana soko. Angalia kipengele kimoja kwenye mkataba: hospitali nyingi zitakudai zirudishiwe gharama za kukuleta ukiondoka mapema. Kipengele hicho si haramu chenyewe. Soma kiasi, na soma kama kinapungua kadiri muda unavyosonga.

Ujerumani ndiyo iliyo laini kuliko zote katika hili. Mafunzo yakikatizwa kwa sababu isiyotokana nawe, sheria inakupa hadi miezi sita kutafuta nafasi nyingine ya mafunzo. Ukimaliza na kupata cheti cha Kijerumani, baada ya miaka miwili ya kufanya kazi ya fani yako unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Anayeingia na taaluma yake ya Kenya iliyotambuliwa huko huomba baada ya miaka mitatu. Uingereza imekuwa miaka mitano, na tangu Mei 2025 serikali yao imekuwa ikipendekeza iwe kumi kwa wengi.

Msiba ukitokea

Wageni huona ajabu tunaliweka swali hili mbele. Lakini ni nani huku asiyejua ukoo uliochanga miezi minne kurudisha maiti? Kwetu, awe Mluo au Mluhya, mtu huzikwa kwao. Na mtu asiyefika kwenye mazishi ya mamake ataulizwa maisha yake yote.

Kwa hiyo angalia likizo. Mkataba wa kazi za nyumbani Saudia ni wa miaka miwili, na likizo ya mwezi mmoja yenye malipo huja baada ya hiyo miwili. Kama nyanya anayekulelea watoto ana sukari na presha, zungumza naye na ndugu zako waziwazi kabla ya safari, kwa sababu inawezekana kabisa usimzike. Baadhi ya waajiri watakuruhusu, mkataba hauwalazimishi. Muuguzi wa NHS anaanza na siku 27 za likizo kwa mwaka pamoja na sikukuu za umma. Ujerumani sheria inahakikisha angalau siku 20 za kazi kwa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na waajiri wengi hutoa zaidi. Kwenye nchi hizo mbili kikwazo chako kitakuwa bei ya tiketi, na tiketi mtu anaweza kuikopa.

Mwenyewe ukifa je? Mambo yanapinduka hapo. Sheria za Saudia na Qatar humtwika mwajiri gharama za kusafirisha maiti, ingawa karatasi, uchunguzi na madai yanaweza kuchukua wiki au miezi huku familia ikilala nje ya boma. Uingereza na Ujerumani mwajiri hana wajibu huo. Wakenya wa kule hujiunga na vyama vya kusaidiana, au hukata bima ya kurudisha mwili. Ukifika, jiunge mwezi wa kwanza. Wanaosubiri hadi waumwe huishia kuchangiwa kwenye magroup ya WhatsApp.

Kwa hiyo nani aende wapi

Muuguzi mwenye diploma ya KMTC au digrii ya Maseno au Masinde Muliro ana chaguo la kweli kati ya Uingereza na Ujerumani. Kama tayari una uzoefu kutoka hospitali ya rufaa kama Jaramogi na Kiingereza chako cha kuandika ni kizuri, na umepata barua ya hospitali ya kule mkononi, nenda Uingereza. Kumbuka tu kwamba chini ya makubaliano ya Kenya na Uingereza ya mwaka 2021, mawakala hawaruhusiwi kuja kuvuna wauguzi kiholela. Wanaajiriwa kupitia mpango wa serikali hizo mbili, au muuguzi anaomba mwenyewe moja kwa moja. Ajenti wa mtaani anayeuza "nafasi za NHS" yuko nje ya njia zote mbili. Kama unaanza sifuri leo, uko chini ya miaka 35 na hujaandika hata ombi moja, ningekwambia anza Kijerumani. Utaongeza mwaka wa kusubiri, halafu utaupata tena kwenye ukaazi wa kudumu. Tangu Machi 2024 ipo hata njia ya kuingia na A2, ufanye kazi huku cheti chako kikitambuliwa, mwajiri akikubali.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne, hana mtoto, na wazazi wanaweza kumlisha mwaka mmoja na nusu: Ausbildung, bila kusitasita. Zile laki mbili ambazo familia ilitaka kumpa broka wa Dubai zilipie masomo na mtihani. Ila mtu asikupake mafuta kwa mgongo wa chupa kuhusu mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Mkataba upo, na unarahisisha taratibu. Hauna idadi ya kazi ndani yake. Ile habari ya nafasi 250,000 iliyozunguka kila simu, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe iliikanusha. Mwajiri bado ni lazima umtafute.

Mama mwenye watoto watatu, bila karatasi za shule, anayehitaji pesa ndani ya miezi mitatu: najua utaenda Ghuba, na sitakuhubiria. Tafuta Qatar kwanza, kazi ya usafi hotelini au kwenye kampuni, kabla ya kazi ya ndani ya nyumba. Ikibidi iwe Saudia, iwe kupitia ajenti ambaye jina lake liko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na leseni haijaisha muda. Orodha iko wazi kwenye mfumo wao wa NEAIMS, na hata cyber ya mtaani itakufungulia kwa shilingi ishirini. Mkataba uwe na tafsiri unayoielewa, uonyeshe jina la mwajiri, mshahara, siku ya mapumziko, na aina ya kazi ileile iliyoandikwa kwenye viza. Umeambiwa utakuwa mpishi na viza inasema mfanyakazi wa nyumbani? Wewe ni mfanyakazi wa nyumbani. Fungua akaunti kwa jina lako mwenyewe, benki au sacco, na utume kwa M-Pesa kile cha matumizi ya watoto tu. Endelea kulipia SHA, bima ya afya ya serikali, ya familia. Mengine yasimpitie shemeji wala kaka, hata awe mwaminifu namna gani, maana wengi wamerudi na kukuta nyumba waliyoijenga kwa simu haina hata msingi.

Kuna matoleo ambayo sitayalinganisha kwa sababu hakuna cha kulinganisha. La kwanza ni kazi ya kulea wazee Uingereza: tangu tarehe 22 Julai 2025 njia hiyo imefungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje, kwa hiyo anayekuuzia leo anakuuzia hewa. La pili ni Dubai kwa viza ya matembezi, "utabadilishiwa ukifika". Kufanya kazi kwa viza hiyo ni kosa, na ukikamatwa faini ni yako. La tatu ni "huduma kwa wateja" Thailand yenye mshahara wa kushangaza. Wakenya walioikubali wamejikuta wakivushwa mpaka hadi Myanmar na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, na serikali imekuwa ikiwatoa huko kwa makundi tangu 2022. Wala muhuri wa serikali ya kaunti hautoshi kukutuliza. Waulize wazazi wa Uasin Gishu waliolipia masomo ya Finland na Canada, wakajikuta mwaka 2023 wakiandamana Eldoret wakidai pesa zao.

Nimemwacha fundi mwisho kwa sababu yake ni rahisi kuliko inavyoonekana. Fundi umeme, wa kuchomea au wa magari aliyejifunzia jua kali ana mikono lakini hana karatasi, na pande zote mbili zitamuuliza karatasi. Qatar na Saudia humlipa fundi mwenye cheti zaidi ya kibarua, na Ujerumani haitamsikiliza kabisa bila mafunzo yanayotambulika. Basi kabla ya pasipoti, kabla hata ya ajenti, afanye mtihani wa ufundi wa NITA pale Kisumu, ngazi kwa ngazi, wakati bado ana wateja wanaomlipa.